Kordi Nne za Kuanzia Gitaa

Kwa jinsi ninavyowaona wanaoanza kujifunza gitaa na wanaoliacha njiani, kinachowashinda wengi ni kordi ya F. Mtu amenunua gitaa, amechagua wimbo anaoupenda, akaambiwa una kordi za C, Am, F na G. C anaipata kwa taabu, Am inakuja, G nayo inakuja baada ya siku chache. Ikifika F anatakiwa alaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, karibu kabisa na kichwa cha gitaa, ambako kubana nyuzi kwa kidole kimoja ni kugumu kuliko katikati ya shingo. Anabana mpaka mkono unakakamaa, anapiga, na kinachotoka ni mlio mkavu usio na noti. Anajiambia hana kipaji. Gitaa linapanda juu ya kabati.

Kipaji hakihusiki hapo. Amepewa kazi ya mwezi wa sita katika wiki ya pili. Anayeanza asichague kordi kwa kufuata wimbo, wala kwa kufuata mpangilio wa kitabu kinachoanzia A na kumalizia G. Achague kordi zinazolia vizuri zenyewe, na zinazomruhusu kuviacha baadhi ya vidole palepale wakati kordi inabadilika. Sharti hilo la pili ndilo husahauliwa, na ndilo lenye uzito, kwa sababu kinachomsumbua mgeni wa gitaa mara nyingi si kuishika kordi. Ni kutoka kwenye moja na kuwahi nyingine kabla pigo halijapita.

Kabla ya kordi, tulitazame gitaa lenyewe, maana lipo gitaa ambalo hata mpigaji mzoefu atatoka jasho akilipiga. Kama lina nyuzi za chuma, pima nafasi iliyopo kati ya uzi wa 6, ule mnene, na chuma cha freti ya 12. Ikizidi milimita 3, mpelekee fundi ashushe nyuzi. Ni kazi ndogo, na inaondoa nusu ya maumivu ya vidole. Ukinunua nyuzi mpya omba seti nyepesi, ile ambayo uzi wake wa kwanza umeandikwa .010 au .011 kwenye pakiti. Gitaa la nyuzi za nailoni ni laini zaidi kwa vidole na linamfaa sana mtoto, ila usilifunge nyuzi za chuma hata mara moja: mvuto wake ni mkubwa na unaweza kung'oa daraja pale zinapofungwa nyuzi. Kwa wakazi wa pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, kuna la ziada. Hewa ya chumvi na jasho la mikono huzipa nyuzi kutu haraka, na uzi wenye kutu haulii, unakoroma. Kitambaa kikavu kila baada ya kupiga kinatosha. Gitaa lisiegemezwe kwenye ukuta wa bati linalochomwa na jua, wala lisiachwe ndani ya gari mchana.

Kisha lityuniwe kila siku, tena kabla hujashika kordi yoyote. Kutoka uzi wa 6 hadi wa 1 noti zake ni E, A, D, G, B na E. Waliosomea Kongo watazijua kama mi, la, re, sol, si, mi. Programu za kutyuni kwenye simu zipo za bure na zinafanya kazi vizuri. Jifunze pia ile njia ya zamani: bana uzi wa 6 kwenye freti ya 5, ulie sawa na uzi wa 5 ulio wazi, endelea hivyo hivyo kwenda chini, isipokuwa kutoka uzi wa 3 kwenda wa 2, ambapo unabana freti ya 4. Njia hii inafundisha sikio, na siku simu haina chaji hutakwama. Kordi sahihi kwenye gitaa lisilotyuniwa itasikika kama kordi mbaya, na mwanafunzi atavilaumu vidole vyake bure.

Sasa kordi. Weka kidole cha pete kwenye uzi wa 2, freti ya 3. Weka kidole cha mwisho kwenye uzi wa 1, freti ya 3 hiyo hiyo. Vidole hivi viwili vishuke karibu kabisa na chuma cha freti, kwa upande wa kichwa cha gitaa, si juu ya chuma chenyewe. Ukivikalisha hapo hutahitaji nguvu nyingi. Gumba likae nyuma ya shingo, kiganja kisiikumbatie. Viache vidole hivyo viwili hapo, kwa sababu katika kordi nne zijazo havitahama, ila cha mwisho kitainuka mwishoni kabisa, kwenye D.

Ya kwanza ni G. Kidole cha kati kiende uzi wa 6, freti ya 3, na cha shahada uzi wa 5, freti ya 2. Nyuzi za 4 na 3 ziache wazi. Piga uzi mmoja mmoja, polepole, kuanzia mnene. Uliokufa mlio unakwambia kidole kipi kinaugusa bila kutakiwa, au kipi kiko mbali na chuma. Rekebisha, kisha zipige zote sita kwa pamoja. Hii ni kordi kubwa, pana, ya noti sita, na imetoka kwa vidole vinne ambavyo hakuna hata kimoja kilichonyooshwa kupita kiasi.

Ya pili ni Em7. Kidole cha shahada hakiondoki uzi wa 5. Cha kati ndicho pekee kinachohama, kutoka uzi wa 6 kwenda uzi wa 4, freti ya 2. Basi. Rudi G, rudi Em7. Umebadilisha kordi kwa kidole kimoja, na sikio limesikia wimbo ukitoka kwenye mwanga kuingia kwenye huzuni kidogo. Noti zote tatu za G, yaani G, B na D, zimo ndani ya Em7, na kilichoongezeka ni E tu. Hapo ndipo ulaini wa mpito huo unapotoka.

Ya tatu kwenye karatasi za nyimbo huandikwa Cadd9. Jina lisikutishe, ni C iliyoongezewa noti ya D juu yake. Kati na shahada, jinsi vilivyokuwa kwenye G, vinashuka pamoja uzi mmoja: cha kati uzi wa 5, freti ya 3, cha shahada uzi wa 4, freti ya 2. Umbo ni lile lile. Uzi wa 6 usiupige. Kati ya zote nne, mimi huipenda hii zaidi, kwa sababu inabaki ikining'inia hewani, haijatulia na wala haikwaruzi sikio. Wanaoimba nyimbo za polepole za kuabudu watautambua mlio huo mara moja.

Ya nne ni D, na huja kwa hatua mbili. Kidole cha shahada kiende uzi wa 3, freti ya 2, cha kati ukiinue, kisha piga nyuzi nne za chini tu, kuanzia uzi wa 4. Hiyo inaitwa Dsus4, na inaposikika masikio yanaitaka imalizike. Imalizie: inua kidole cha mwisho, weka cha kati kwenye uzi wa 1, freti ya 2. Umeipata D kamili. Kidole cha pete hakijatoka uzi wa 2 tangu ulipoanza.

Inafaa kujua kwa nini vidole viwili vinaweza kukaa mahali pamoja katika kordi nne tofauti bila kuharibu kitu. Pale ulipobana, uzi wa 2 unatoa D na uzi wa 1 unatoa G. Ukiwa unapiga katika ufunguo wa G, noti hizo mbili ndizo nguzo za wimbo: ya kwanza na ya tano katika ngazi ya sauti. Zikilia juu muda wote, kordi zilizo chini hubadilika lakini sikio linabaki na mahali pa kushika. Ongeza nyuzi zilizo wazi, ambazo hulia kwa muda mrefu kuliko zilizobanwa, na ndiyo maana gitaa la mwanafunzi wa mwezi mmoja akizitumia kordi hizi linaweza kusikika kama la mtu aliyekaa nalo mwaka.

Nakiri utamu wa kordi hizi una mahali pake. Ukitaka kupiga dansi la zamani au benga, tumia C ya kawaida badala ya Cadd9. Muziki ule unataka kordi kavu zenye mipaka, ili gitaa la solo lipate nafasi ya kusema. Noti ya D inayoning'inia juu ya C italeta ukungu mahali panapotakiwa ukali. C hiyo ni kidole cha pete uzi wa 5 freti ya 3, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, cha shahada uzi wa 2 freti ya 1, na uzi wa 3 na wa 1 wazi. Ukiishaizoea utapata zawadi nyingine: inua kidole cha pete peke yake na umepata Am7. Kipeleke kidole hicho uzi wa 3 freti ya 2 na umepata Am. Kidole kimoja tena.

Sasa mkono wa kulia. Wanaoanza hutazama mkono wa kushoto tu, na ndiyo sababu muziki wao unakatika-katika. Msikilizaji atasamehe noti moja iliyokufa katika kordi, lakini pigo lililosimama hatalisamehe, kwa sababu mguu wake uliokuwa unagonga sakafu umebaki hewani. Kwa hiyo wiki ya kwanza piga kushuka tu, mapigo manne kwa kila kordi, huku ukihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Pigo la kwanza la kordi mpya liwahi kwa wakati wake hata kama vidole havijafika vyote. Kuna hila ambayo wapigaji wengi huitumia wala hawaisemi: baada ya pigo la nne, wakati vidole viko njiani, mkono wa kulia hupiga nyuzi zikiwa wazi, mguso mwepesi tu, kisha kordi mpya inaingia. Sikio halioni kasoro. Linaona mwendo.

Mapigo hayo yakishatulia, ongeza ya kupanda. Mtindo mmoja unaobeba nyimbo nyingi ni huu: shuka, shuka-panda, panda-shuka-panda. Mkono wenyewe haukomi kushuka na kupanda hata pale usipogusa nyuzi, na mgeni akiacha kuulazimisha mkono usimame, mtindo hujipanga. Tumia piki nyembamba mwanzoni. Kama huna, ukucha wa kidole cha shahada unafaa.

Kuna njia nyingine ya mkono wa kulia, na hii ni yetu. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Kongo ambao leo unaitwa Likasi, akipiga gitaa kavu lisilo la umeme na kuimba kwa Kiswahili. Wimbo wake wa Masanga bado unasomwa na wapiga gitaa duniani kote. Mwenda alitumia gumba na kidole cha shahada tu. Gumba hushika nyuzi nene na kutembeza besi, shahada huchota noti za juu, na gitaa moja linasikika kama mawili. Kordi alizozizungukia ni zile za kwanza kwanza, karibu na kichwa cha gitaa, zile zile anazoanza nazo mwanafunzi. Ukishika G yako, jaribu gumba lipige uzi wa 6 kisha wa 4, wa 6 kisha wa 4, bila haraka, na shahada ichote uzi wa 2 katikati ya mapigo hayo. Kwenye C gumba liende uzi wa 5 na wa 4. Usitafute Masanga mwaka huu, ni wimbo mgumu. Tafuta tu gumba lisiloyumba.

Sikiliza pia bendi za dansi kwa namna tofauti na ulivyozoea. Ukiweka Mlimani Park au nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, masikio hukimbilia solo. Jizuie. Litafute gitaa la ridhim lililo nyuma yake, ambalo linarudia kitu kile kile, dakika baada ya dakika, bila kuchoka na bila kuongeza mbio. Kazi ya anayeanza ni ile, na ni kazi ya heshima. Bendi isiyo na mpiga ridhim mzuri haichezeki hata solo lingekuwa la malaika.

Na nyimbo je? Ukiwa na G, C na D umeshafungua mlango mkubwa. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William, unaimbika kwa kordi tatu hizo. Jambo Bwana wa Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982, vilevile. Nyimbo nyingi za Tenzi za Rohoni zinakaa humo humo, na ndiyo maana vijana wengi huanzia gitaa kwayani na kutoka huko wakiwa wapigaji kamili. Kama sauti yako haifiki kwenye ufunguo wa G, usijifunze kordi mpya. Funga kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja. Kapo kwenye freti ya 2, ukashika umbo la G, kinachotoka ni A. Kwenye freti ya 5 kinatoka C. Asiye na kapo anaweza kufunga penseli ngumu kwa mpira uliokazwa vizuri nyuma ya shingo. Haitadumu, lakini jioni moja itapita.

Imba huku ukipiga mapema kuliko unavyodhani uko tayari. Kama kuimba kunakushinda, sema maneno tu kwa mpigo wake. Kordi zinazofanyiwa mazoezi bila wimbo hubaki kuwa mazoezi ya viungo, na mtu huchoka nazo.

Kuhusu muda, dakika kumi na tano asubuhi na nyingine jioni zinazidi saa mbili za Jumapili. Ncha za vidole zitauma katika wiki za mwanzo, kisha ngozi itakuwa ngumu. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya kiwiko si ya kawaida, ukiyasikia weka gitaa chini na uangalie unavyokaa na nguvu unayobania. Kata kucha za mkono wa kushoto ziwe fupi kabisa. Zoezi moja ninalolisisitiza kwa kila mtu: chagua kordi mbili, weka saa ya simu dakika moja, badilisha kutoka moja kwenda nyingine na uhesabu. Andika idadi. Kesho rudia. Daftari lile litakuonyesha maendeleo ambayo masikio yako, yaliyokwisha kukuchoka, hayawezi kuyasikia.

Mpigaji wa mkono wa kushoto anunue gitaa la mkono wa kushoto kama analipata, au afungishe nyuzi upya kwa fundi. Asilazimishwe.

Na F? Itakuja, lakini kwa ngazi. Anza na Fmaj7: kidole cha pete uzi wa 4 freti ya 3, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, cha shahada uzi wa 2 freti ya 1, na uzi wa 1 uache wazi. Ni kordi nzuri kwa haki yake, laini, na katika nyimbo nyingi inasimama mahali pa F bila mtu kulalamika. Ikitulia, laza ncha ya shahada ifunike uzi wa 2 na wa 1 kwa pamoja: hiyo ni F ndogo, ya nyuzi nne. Ile kubwa ya nyuzi sita iachie miezi ijayo, mkono ukiwa na nguvu, tena uanze kuizoeza kwenye freti ya 5, ambako ni rahisi zaidi, ndipo uishushe taratibu hadi freti ya kwanza.

Kwa mwezi huu mmoja, ndugu msomaji, usiongeze kordi ya tano. Kaa na hizi nne mpaka ziingie bila kuzitazama. Na kama una gitaa lililolala juu ya kabati kwa sababu ya F, lishushe leo, lifute vumbi, lityuni, uweke vidole viwili kwenye freti ya tatu na uanze na G.